Maua Yaliyofungwa kwa Uzi

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Koplo alikagua gwaride. Gwaride lenyewe lilikuwa mibuni. Alipita mstari kwa mstari, fimbo kwapani, akiangalia nani kasimama vizuri na nani kalegea, na akikuta tawi limeinamia njia alilisukuma kwa ncha ya fimbo na kuliambia, "Rudi mahali pako." Mke wake, Mama Pacha, alikuwa akimtazama kutoka mlango wa jikoni na kusema kwamba wanawake wengine wanaibiwa waume na wanawake wenzao, yeye kaibiwa na miti.

"Unasemaje?" Koplo aliuliza.

"Nasema chai inapoa."

Sikio la kushoto alikuwa ameliacha vitani. Kombora lilianguka juu ya handaki, wenzake watano wakabaki chini ya udongo, yeye akavutwa miguu na kutolewa akiwa na sikio moja na kikohozi. Nyumbani, Mama Pacha akitaka kugombana alikaa kulia kwake. Akitaka kumsengenya alikaa kushoto. Ndoa yao ilikwenda kwa mpango huo, na pacha wao wawili wakakua, wakaolewa mbali, wakawaacha wazee na kilima chao.

Kilima kilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha jeshi. Wenzake wengine walinunua mabasi, wengine walinunua bia. Yeye alinunua mteremko wenye mawe, akapanda mibuni, na shamba akaligawa mafungu matano. Kila fungu akalipa jina. Mpishi, ambaye alikuwa anaunguza hata maji. Kinyozi, aliyewanyoa wote kwa wembe mmoja. Padri, ambaye hakuna mtu aliyetukana kama yeye. Hao watatu walikuwa chini, upande wa barabara. Juu, ng'ambo ya mtaro wa maji, walikuwa Mrefu, ambaye miguu yake ilichungulia nje ya kila blanketi, na Redio, aliyeongea mpaka usingizini. Wageni walipomsikia Koplo akisema, "Leo nampalilia Kinyozi, kesho napanda kwa Redio," walidhani anazungumzia vibarua. Hakuwasahihisha. Ni Mama Pacha peke yake aliyejua, na hata yeye hakuambiwa. Alikisia tu, kwa kuwa majina hayo ndiyo aliyoyaita mumewe usingizini miaka ile ya mwanzo.

Sasa shamba lilikuwa na deni. Lilianza na mashine ya kumenya kahawa, iliyokopwa kwa mnunuzi mmoja wa mjini ambaye watu walimwita Mizani. Bei ikaanguka. Koplo akakopa mbolea. Bei ikaanguka tena. Deni la kwanza akalilipa kwa deni la pili, na la pili kwa la tatu, kama mtu anayeziba tundu la suruali kwa kiraka alichokikata kwenye suruali hiyohiyo. Mwisho hati ya shamba ikaenda kulala kwenye kabati la Mizani, na makubaliano yakawa haya: kila msimu, mibuni ikichanua, Mizani anakuja kuangalia maua. Maua yakimridhisha, anasubiri mavuno. Yasipomridhisha, shamba ni lake.

Msimu huu, majani ya Mpishi yalianza kugeuka manjano upande mmoja.

Bibi shamba alikuja na pikipiki, mabuti ya mpira miguuni, kisu kidogo mfukoni. Alikuwa na umri wa kuwa binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mgonjwa."

Aliinama kwenye mti ambao majani yake yalining'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Akakwangua gome. Chini yake, pale ambapo mti mzima huwa mweupe, palikuwa na rangi ya wino. Akaenda wa pili. Wino. Akaenda kwa Kinyozi, akaenda kwa Padri, akarudi akifuta kisu kwa kitambaa chenye spiriti.

"Huu ni mnyauko, baba."

"Dawa yake?"

"Moto. Unang'oa, unachoma palepale ulipong'olea. Hakuna nyingine."

Koplo alimgeuzia sikio zima, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa na kosa. Bibi shamba hakurudia. Alikuwa anatazama mashina. Karibu kila shina lilikuwa na vijeraha vidogo chini, kimo cha kifundo cha mguu, vyote upande mmoja.

"Anapalilia nani hapa?"

"Mimi mwenyewe. Hutaona jani la magugu."

"Naona. Kwa panga?"

"Kwa panga."

"Ukipalilia, ncha inagonga shina. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Panga limegusa mti mgonjwa, linaubeba, linaupelekea mzima." Alisema polepole, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyouma. "Shamba la mvivu mmoja kule bondeni limejaa magugu mpaka kiunoni, na haliumwi."

Koplo alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. "Kwa hiyo ningelala ningewaokoa."

"Hukujua, baba."

"Na hawa wa juu?"

Walivuka mtaro. Bibi shamba aliosha mabuti kwanza, akamwosha na yeye viatu kwa spiriti, akakwangua kwa Mrefu, akakwangua kwa Redio. Weupe mtupu.

"Hawa wazima. Ukiwalinda hawa unaweza kuanza upya. Lakini sikiliza, baba: kitu chochote kilichogusa kule chini kisivuke huu mtaro. Jembe, jani, kijiti, hata tope la viatu. Na panga, kabla ya kukata mti wowote, lipite kwenye moto."

"Nimeelewa, afande," Koplo alisema, na bibi shamba akacheka, akapanda pikipiki yake.

Kung'oa kulipangwa kuanza kesho yake. Kesho yake Koplo alisema kiuno. Kesho kutwa alisema anasubiri ardhi ilainike. Mama Pacha alikaa upande wa kulia.

"Baba Pacha, ile miti imekufa."

"Haijafa. Inaumwa."

"Tuite vijana watusaidie kung'oa. Mimi mwenyewe nitashika jembe."

"Huwezi kumng'oa Mpishi kwa jembe," alisema, akachukua fimbo na kutoka nje. Mama Pacha naye akaacha. Baadaye alisema ni hapo alipopaswa kuchukua jembe bila kuuliza mtu.

Mvua ikanyesha, na baada ya mvua kilima kikachanua. Kule juu Mrefu na Redio walikuwa weupe hadi unasikia harufu ukiwa jikoni. Kule chini, barabarani, palikuwa na vijiti vikavu na maua mawili matatu kama meno ya kizee. Na Mizani akatuma salamu kwamba anakuja Jumamosi.

Hapo ndipo alipoitwa Shemeji. Huyu alikuwa kaka wa Mama Pacha, fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kuingia nyumba yoyote bila kuanza kucheka mlangoni.

"Shemeji, naambiwa mmepata msiba wa miti. Nilete sanda?"

"Lete uzi," Koplo alisema. "Wa kijani. Mwingi."

Alimweleza. Mizani hapandi kilima. Tumbo lake halimruhusu. Husimamisha gari barabarani, hutazama kinachoonekana, hunywa chai, huondoka. Kwa hiyo anachokijua yeye ni ile mistari ya mbele tu. Basi mistari ya mbele itachanua. Vitani walifunika mizinga kwa matawi na ndege za adui zikapita juu bila kuona kitu. Mizani ni nani asidanganyike?

"Kumbe ndiyo vita hiyo," Shemeji alisema. "Mimi nilidhani mlikuwa mnapigana, kumbe mlikuwa mnapamba."

"Utasaidia au utaongea?"

"Vyote. Nimeshavalisha maharusi wenye matumbo, nishindwe mti?"

Alfajiri ya Jumamosi Koplo aliwasha moto ng'ambo ya juu ya mtaro, akalitia panga mpaka likabadilika rangi, kama alivyoagizwa. Alioga kabla, akavaa viatu visivyowahi kushuka chini. Hakuna aliyeweza kusema hakufuata amri. Akasimama mbele ya mti wa kwanza wa Redio na midomo yake ikacheza. Shemeji, ambaye hakuwa amelala vizuri, alidhani ni sala.

"Unasema nini?"

"Namwomba radhi. Namwazima mkono."

Shemeji alifungua kinywa kutania, akamtazama dada yake, akakifunga.

Walikata tawi moja kwa kila mti, pale lisipoonekana sana. Mama Pacha aliyabeba matawi kwenye shuka hadi mtaroni, Shemeji akayapokea upande wa pili. Kisha wote watatu wakashuka barabarani na kuanza kushona. Shemeji alifunga kila tawi kwenye mti mkavu kwa uzi wa kijani, mizunguko midogo iliyobana, fundo likiingia ndani, akirudi nyuma hatua moja na kufinya jicho kama anavyotazama mabega ya koti. "Geuka, bibi harusi," aliuambia mti. "Usijikune." Mama Pacha alicheka hadi akakaa chini kwenye majani. Jua lilipotoka, Mpishi alikuwa mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuma yake Kinyozi alikuwa na maua ya kutosha kumdanganya mtu asiye na haraka ya kupanda mlima.

Koplo alimtazama Mpishi kwa muda. Alikuwa amempata tena, hata kama ni kwa siku moja.

Pikapu ya Mizani ilifika chai ikiwa tayari. Alishuka kwa awamu: mguu, tumbo, kisha yeye mwenyewe.

"Afande! Hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, tajiri."

"Mimi sina nafasi ya kufa, nina watu wengi wananidai salamu." Akageukia shamba. Akatazama mistari ya mbele kwa macho madogo, ya mtu aliyezoea kusoma mshale wa mizani kutoka mbali. "Mwaka huu umevaa, Koplo. Umevaa kabisa."

"Mvua ilikuwa nzuri."

"Niliambiwa una ugonjwa."

"Mimi? Kikohozi tu."

Mizani alicheka. Akanywa chai kwa sauti, vikombe viwili, akasifu. Kisha akasimama, akalegeza mkanda, na badala ya kwenda chooni akaelekea moja kwa moja kwenye mibuni, kama wanaume wafanyavyo. Alisimama katikati ya Mpishi, mgongo kwao. Mama Pacha alishika birika bila kumimina. Tawi lililokuwa karibu na bega la Mizani lilikuwa linazunguka polepole kwenye uzi wake, bila upepo.

"Tajiri!" Shemeji alipaza sauti. "Hiyo suruali nani kakushonea? Nikimpata namshtaki!"

"Ina nini?"

"Inakuonyesha unavyokula. Njoo kwangu nikushonee inayoficha."

Mizani alirudi akicheka, akifunga mkanda, na ua moja jeupe limenasa begani. Alilitoa kwa vidole viwili, akalinusa, akalitia kwenye mfuko wa shati.

"Basi. Nasubiri mavuno," alisema. "Riba inaendelea, lakini nasubiri. Mtu akichanua hivi humng'oi."

Gari lilipopotea kwenye kona, Mama Pacha alimkumbatia kaka yake, akamkumbatia mumewe, akamwiga Mizani anavyoshuka kwenye gari mpaka Koplo akakohoa kwa kicheko. Siku nyingi nyumba ile ilikuwa haijasikia kelele ya namna hiyo.

Ilibaki kazi ya kufungua. Matawi yangenyauka kabla ya jioni, na mpita njia yeyote angeona. Shemeji alipendekeza wayarundike palepale na kuyachoma.

"Hapana," Koplo alisema. "Hawa ni wa juu."

"Ni matawi, shemeji."

"Walishuka kusaidia. Wamesaidia. Wanarudi kwao." Hakusema kwa ukali. Kwenye handaki lile hakumrudisha mtu hata mmoja kwao; walifukiwa pamoja, hapohapo, na mama zao wakapewa barua. Leo alikuwa na nafasi. Akafungua mafundo moja moja, akalaza matawi kwenye shuka, ya Mrefu peke yake na ya Redio peke yake, akaosha viatu kama alivyofundishwa, akavuka mtaro. Kwenye kila shina la juu akalaza tawi lake, karibu na kidonda kipya kilichokuwa bado kinatoa maji. Yatakuwa matandazo, aliwaza, yatawatunzia unyevu.

Mama Pacha alimwona akipanda na mzigo. Kitu kilimgusa, neno fulani la yule binti. Lakini matawi yametoka kwenye miti mizima, si ndivyo? Na mumewe alikuwa anapiga mluzi. Akarudi kuosha vikombe.

Maua yakadondoka, buni ndogo za kijani zikajikusanya kwenye matawi. Kwa wiki kadhaa Koplo alikula vizuri. Kule chini alianza hata kumng'oa Padri, kidogo kidogo, akichoma palepale, kofia mkononi. Halafu asubuhi moja, kwenye gwaride, alirudi mapema mno, chai haijachemka.

"Redio," alisema, akakaa kwenye kizingiti.

Mama Pacha aliliacha birika motoni. Alipanda mwenyewe. Mti wa kwanza ulikuwa na manjano upande mmoja. Wa pili pia. Wa tatu buni zake zilikuwa zimekuwa nyekundu kabla ya wakati, kama mtoto aliyezeeka usoni.

Bibi shamba alikuja na kisu chake. Safari hii hakuhitaji kukwangua miti mingi. Aligusa kwa buti rundo la vijiti vikavu chini ya shina.

"Hivi vimetoka wapi, baba?"

"Hapahapa. Ni vyake mwenyewe."

"Vilikatwa, vikaachwa hapa?"

"Vilishuka kidogo." Akamweleza yote, kwa mpangilio, kama anatoa ripoti: moto, panga, viatu, uzi, matawi kushuka, matawi kupanda. Hakuruka kitu.

Bibi shamba alikaa chini, kwenye udongo, na mabuti yake yote. "Vilifungwa kwenye miti migonjwa," alisema. "Siku nzima."

"Asubuhi tu."

"Asubuhi inatosha, baba. Halafu ukavileta karibu na kidonda."

Koplo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaelewa vizuri sana. Aliwahi kuona mtu akirudi kumbeba mwenzake, na kwa kurudi kule akaonyesha adui njia ya handaki. Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote habari hiyo, na hakumwambia bibi shamba pia. Alimwuliza tu kama Mrefu atapona. Binti alimwangalia, akasema hapana, na ardhi nayo isipandwe kahawa kwa muda mrefu.

Koplo alienda mjini kwa miguu kumwona Mizani. Hakutaka aitwe, mtu anayejisalimisha huenda mwenyewe. Ghala la Mizani lilikuwa limejaa magunia ya watu wengine, na mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa mto, anakula karanga.

"Tajiri, shamba limekufa. Hata la juu. Hakuna mavuno. Na yale maua uliyoyaona..."

"Yalikuwa na uzi," Mizani alisema.

Koplo alidhani sikio limemchezea. Akasogeza la kulia.

"Yalikuwa na uzi, Koplo. Kijani, mzuri, mafundo ya fundi. Nilikojoa nikiutazama." Alimsogezea karanga. "Nilijua tangu kabla sijaja. Kila mtu anajua shamba linaloumwa, majirani wanaongea."

"Sasa kwa nini ulisubiri?"

"Ningekunyang'anya siku ile watu wangesema nimemnyang'anya askari shamba lenye maua. Ungelia, mngenipeleka kwa wazee, kwa wakubwa. Sasa unakuja mwenyewe kunipa. Na riba ya msimu juu yake, mpaka mashine inaingia ndani." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayesoma uzito wa gunia. "Hukuhitaji kujisumbua na mapambo. Hata ungeniacha nione vijiti, ningekupa msimu; riba ningeipata vilevile."

Koplo alimpisha mpakiaji mmoja mwenye gunia. Redio na Mrefu walikuwa wazima siku ile. Walikuwa wazima, na hakukuwa na haja ya kumkata yeyote.

"Mwisho wa mwezi mhame," Mizani alisema. "Kuni chukueni."

Alirudi jioni. Mama Pacha alikuwa amekwisha kufunga vyombo ndani ya shuka; alijua jibu kabla hajaondoka. Shemeji alikuwa amewaahidi chumba nyuma ya kibanda chake cha cherehani, chenye dirisha moja na mabaki ya vitambaa mpaka darini. Mama Pacha alimwekea mumewe maji ya kunawa, akakaa upande wa kulia, lakini hakugombana.

"Amesema nini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mashine?"

"Na mashine."

Giza lilikuwa linaingia jikoni na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Kisha Koplo akasikia kitu alichodhani ni kilio, na ilimchukua muda kutambua kwamba mkewe anacheka, kidogo kidogo, puani.

"Lakini siku ile tulimweza, Baba Pacha. Ee? Kasimama katikati ya uzi na mkanda wazi, halafu anasema, 'Umevaa kabisa.' Na akili zake zote zile, na magunia yake yote. Angalau hilo hawezi kutunyang'anya. Si tulimweza?"

Alikuwa anamtazama, anasubiri, uso wake umeinuliwa katika giza.

"Tulimweza," Koplo alisema.

"Hakushuku kitu."

"Hakushuku kitu kabisa."

Mama Pacha akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akaanza kusimulia upya tangu mwanzo, tangu Mizani anashuka kwenye gari kwa awamu, na Koplo akamgeuzia sikio la kushoto.